Usiniambie Nani Aliua, Niambie Nani Alificha Faili

Wacha nianze kwa kujishtaki, halafu nikimaliza nitawashtaki wengine.

Miaka mitatu iliyopita nilimaliza muswada wa riwaya ya upelelezi. Ilikuwa na kila kitu. Mzee wa miaka tisini, zamani karani wa ofisi ya ardhi wakati wa mkoloni, anapatikana ameuawa nyumbani kwake Kilimani. Chini ya kitanda kuna sanduku la bati. Ndani ya sanduku kuna ramani ya 1954, na kwenye ramani kuna shamba lililobadilisha mwenyewe bila mtu yeyote kuliuza. Inspekta wangu ni mwanamke aliyeachana na mumewe, usingizi haupati, anaishi kwa chai ya rangi. Sura ya 31 anamnasa muuaji pale JKIA, pasipoti mkononi. Kumbe ni mjukuu wa yule aliyeiba shamba. Mwisho.

Wasee wa kikundi chetu cha kusoma walipiga makofi. "Manze, hiyo sikuiona ikikam!" mmoja aliniambia, na mimi nikarudi nyumbani kichwa kimevimba.

Halafu nikampa mamangu. Alisoma jioni nne, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua. Alipomaliza alizipanga karatasi vizuri, akaziweka juu ya meza.

"Kwa hivyo huyu kijana alishikwa?"

"Ndiyo, Mum."

"Na shamba je? Lilirudi?"

Sikuwa na jibu. Shamba lenyewe nilikuwa nimelisahau mahali fulani karibu na ukurasa wa 200. Lilikuwa limeshafanya kazi yake ya kumpeleka inspekta kwa muuaji, nami nikaliacha hapo kama mtu anayeshuka mathrii bila kuangalia nyuma.

Mamangu hakuuliza swali lile kwa bahati. Mwaka wa 1999 kaka yake aliuawa usiku akirudi nyumbani. Mjomba alikuwa seremala, na pia katibu wa kamati ya wazazi wa shule moja ya msingi huko Eastlands. Uwanja wa shule ulikuwa umezungushwa mabati wiki chache kabla, na kamati ilikuwa inaandika barua kwa kila ofisi iliyokuwa na mlango. Mwandishi wa barua alikuwa mjomba kwa sababu alikuwa na mwandiko mzuri. Polisi walisema ni wezi. Ilikuwa Jumamosi, alikuwa amelipwa siku hiyo. Tulirudishiwa vitu vyake kwenye bahasha ya kaki: saa, kitambulisho na pesa zake zote, hadi sarafu. Kitu kimoja tu kilikosekana. Faili ya barua.

Nilikuwa na miaka saba na hata mimi niliona hapo kuna jambo. Mtaa mzima uliona. Leo kwenye ule uwanja kuna ghorofa sita, nguo zimeanikwa kwenye kila roshani, na ukimuuliza mama mboga aliye pale chini hiyo nyumba ni ya nani, atakutajia jina huku akikukatia sukuma wiki. Hakuna fumbo. Hakuna aliyewahi kuhitaji Sherlock Holmes.

Sasa ndiyo unaelewa ugomvi wangu. Nimechoka na ile riwaya ambayo mimi mwenyewe niliiandika.

Unaujua muundo wake, hata kama hujasoma vitabu vingi, kwa sababu umeuona Netflix na umeusikia kwenye podikasti ukiwa umekwama kwenye jam ya Thika Road. Mtu anauawa leo. Mpelelezi anachokonoa. Nyuma ya mauaji kuna siri ya zamani: shajara, barua, kaburi lisilo na jina. Siri inafichuliwa, muuaji anapatikana, mvua inanyesha, tunalala. Muundo huu unasimama juu ya imani mbili. Ya kwanza, kwamba siri ya kihistoria imefichwa. Ya pili, kwamba ikifichuliwa, kitu kitafanyika. Pengine kuna nchi ambako imani hizo zina uzito. Hapa kwetu zote mbili ni uongo, na mwandishi Mkenya anayezibeba kama zilivyo anatusaidia kujidanganya.

Chukua hiyo ya kwanza. Siri zetu zina kurasa na jalada. Zimechapishwa. Ripoti ya tume ya Ndung'u kuhusu ugavi haramu wa ardhi ya umma ilikabidhiwa rais mwaka wa 2004, ikiwa na viambatisho vya kuchosha macho: ploti baada ya ploti, misitu, barabara, ardhi iliyotengewa umma. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikabidhiwa Mei 2013, zaidi ya kurasa 2,000, na ndani yake kuna mauaji ya kisiasa tunayoendelea kuyaita mafumbo. Ukitaka fumbo la kweli, liko hapo hapo: makamishna watatu wa kigeni walikataa kutia sahihi sehemu ya ardhi, wakilalamika kwamba ilibadilishwa baada ya shinikizo kutoka juu. Yaani hata kitabu cha kufichua siri kilifanyiwa uhariri. Mpelelezi wa riwaya angekesha na sanduku chini ya kitanda. Mpelelezi wa Kenya angeuliza nani alishika kalamu nyekundu.

Na hii si tabia tuliyoianza sisi. Mwaka wa 2011, katikati ya kesi ya wazee wa Mau Mau kule London, serikali ya Uingereza ilikubali kwamba ilikuwa na takriban faili 1,500 zilizosafirishwa kutoka Kenya wakati wa kuelekea uhuru na kufungiwa Hanslope Park, jumba lake lililo na ulinzi mkali. Miaka karibu hamsini. Juni 2013 waziri wao wa mambo ya nje alisimama Bungeni akasema wanasikitika, na pauni milioni 19.9 zikatengewa walalamishi 5,228. Watu wengi walisimulia habari hiyo kama hadithi ya upelelezi: wanahistoria wamepata masanduku, siri imefichuka! Lakini wale wazee hawakuhitaji masanduku ili wajue walifanywa nini kambini. Walikuwa wamesema tangu mwanzo, kwa watoto wao, kwa majirani, kwa yeyote aliyekaa kitako kuwasikiliza. Kwao haikuwa siri hata siku moja. Ilikuwa siri kwa mahakama tu.

Hapa ndipo nafikiri tumekosea kabisa kuhusu uhusiano wa mauaji ya leo na historia. Tunautafuta kwenye damu na ukoo, mjukuu wa fulani analipiza kisasi cha babu yake. Mimi nasema uhusiano uko kwenye sentensi ya kwanza. Namaanisha ile sentensi inayotoka kwa wakubwa kabla maiti haijapoa.

Machi 3, 1959, kambi ya Hola, kando ya mto Tana. Wafungwa 11 wanapigwa hadi kufa kwa kukataa kazi ya lazima. Taarifa ya kwanza ya serikali ilisema walikufa baada ya kunywa maji. Maji! Ilibidi uchunguzi wa maiti uje kusema yaliyokuwa wazi kwa kila mtu aliyekuwepo, na hata baada ya hapo hakuna aliyeshtakiwa kwa vifo vile.

Machi 1975, J.M. Kariuki haonekani. Habari zinaenezwa kwamba yuko Zambia. Wakati huo mwili wake ulikuwa umeshapatikana Ngong. Februari 1990, waziri wa mambo ya nje Robert Ouko anatoweka nyumbani kwake Koru, mwili wake unapatikana karibu na kilima cha Got Alila ukiwa umechomwa na una tundu la risasi kichwani, na bado kuna maafisa walioanza kunong'ona kwamba alijiua. Mwaka wa 1999, mjomba wangu: wezi, ambao walisahau kuiba.

Alikunywa maji. Yuko Zambia. Alijiua. Ni wezi. Ziweke pamoja na utaona ni sentensi moja, inarithiwa kama vile watu wanavyorithi biashara ya familia. Hiyo ndiyo siri ya kihistoria. Mkoloni alipoenda hakuacha reli na kanuni za adhabu peke yake, aliacha pia ufundi wa kuandika taarifa kwa vyombo vya habari. Na kila sentensi kama hiyo ina pacha wake, faili linalopotea. Ukishapata sentensi na faili, kujua ni kidole gani kilifyatua ni jambo dogo. Naomba usinielewe vibaya, si jambo bure. Lakini ni dogo.

Kwa sababu imani ya pili, kwamba kumshika muuaji ndiyo kufumbua kesi, imetuponza zaidi. Pio Gama Pinto alipigwa risasi Februari 24, 1965, akitoka na gari nyumbani kwake Westlands, binti yake mdogo akiwa ndani ya gari. Kijana aitwaye Kisilu Mutua alishikwa, akahukumiwa, na akatoka jela mwaka wa 2001. Hesabu mwenyewe. Alisema hadi mwisho kwamba hakumuua Pinto. Kwa riwaya yangu ya kwanza, kesi ile iliisha 1965: mshukiwa ndani, pazia chini. Tom Mboya akauawa Julai 5, 1969, mchana, nje ya duka la dawa katikati ya mji, barabara ambayo leo ni Moi Avenue. Nahashon Njenga alikamatwa, akahukumiwa kifo, akanyongwa mwaka huo huo. Inasimuliwa kwamba yeye mwenyewe aliuliza kwa nini hawamfuati mkubwa. Muuaji ndiye anauliza swali ambalo mpelelezi hakuuliza! Halafu mtu anaketi Java na laptop yake, anaandika mwisho ambao pingu zinafungwa na kila kitu kinakuwa sawa.

Tena sisi tulimleta Holmes mwenyewe. Baada ya kifo cha Ouko serikali iliita wapelelezi wa Scotland Yard, wakiongozwa na John Troon, mpelelezi hasa, si wa kwenye kitabu. Akachunguza, akasema haya ni mauaji, akaandika ripoti iliyotaja waliostahili kuchunguzwa zaidi. Ikaundwa tume ya Jaji Gicheru. Wazee wetu watakuambia jinsi watu walivyofuatilia vikao vyake, kila siku sura mpya, kila shahidi na mshtuko wake. Novemba 1991 rais akaivunja kabla haijamaliza kazi. Baadaye kamati ya Bunge ikaanza upya mwaka wa 2003, na mwaka wa 2010 Bunge likaikataa ripoti ya kamati yake. Hata ile kamati ya JM ya 1975, ambayo ilifanya kazi kwa ujasiri, majina mawili yalifutwa kwenye ripoti yake kabla haijasomwa Bungeni.

Sisi basi ni taifa la wasomaji ambao kila kitabu tunachopewa kimechanwa sura ya mwisho. Na mwandishi wa riwaya anafanya nini? Anakuja na gundi, anabandika sura ya uongo.

Najua jibu utakalonipa, kwa sababu nimelitoa mimi mwenyewe mara nyingi. Buda, hii ni burudani. Msomaji ametoka kazini, kodi haijalipwa, anataka angalau kwenye kitabu mtu mbaya ashikwe. Mahakama zimeshindwa, basi acha hadithi itupe haki. Hoja hiyo naiheshimu. Nimesoma vitabu hivyo nikiwa na homa, nikiwa na njaa, nikiwa sina kazi, vikanibeba. Lakini angalia inatuweka upande gani. Tume zetu zote zimetuuzia kitu hicho hicho: tulia, kuna mtu anachunguza. Hadithi inayotupa faraja hiyo hiyo inafanya kazi ya tume kwa bei nafuu. Na kusema msomaji hawezi kufurahia zaidi ya pingu ni kumdharau. Watu waliofuata tume ya Gicheru miezi mingi hawakuwa wanasubiri jina. Majina walikuwa nayo. Walitaka kuona mkubwa akiulizwa swali hadharani, na namna anavyogeuza shingo. Hiyo ni burudani pia, na ina makali kuliko kukimbizana uwanja wa ndege.

Wala si kwamba hatuna wa kuiga. Katika Kiswahili, mpelelezi aliingia na kiko chake mdomoni mwaka wa 1960, Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, katika Mzimu wa Watu wa Kale. Maiti isiyo na kichwa inapatikana mahali pa mizimu, watu wako tayari kuilaumu mizimu, na Bwana Msa anaonyesha kwamba ni kazi ya binadamu. Tunamcheka leo kwa kumwiga Holmes, lakini kazi aliyoifanya bado inahitajika. Mizimu tunayo hadi sasa, ila imebadilisha jina. Kwenye taarifa ya habari inaitwa "watu wasiojulikana". Julai 2017, siku chache kabla ya uchaguzi, Chris Msando aliyesimamia teknolojia pale IEBC akapatikana ameuawa, na hadi leo mzimu ndio mshukiwa mkuu. Mrithi wa Bwana Msa angeanzia hapo: haya maneno "wasiojulikana" yameandikwa na nani, na saa ngapi?

Halafu kuna Dust ya Yvonne Adhiambo Owuor. Kijana anapigwa risasi kwenye barabara za Nairobi wakati wa uchaguzi wa 2007, na kifo chake kinafungua mlango hadi kuuawa kwa Mboya na hadi mateso ya wakati wa hali ya hatari. Mauaji ya leo, siri za jana, kama muundo unavyotaka. Tofauti ni kwamba Owuor hakupi mpelelezi wa kukufungia kesi. Wanaojua ni watu wa nyumbani, na wamebeba wanachojua hadi kimewapinda mgongo. Nairobi Heat ya Mukoma wa Ngugi nayo inaanza na maiti ya msichana mzungu Madison, Marekani, na kumleta mpelelezi Nairobi akifuata alama zinazoelekea kwenye mauaji ya halaiki ya Rwanda. Pale pia, kadiri unavyojua zaidi ndivyo unavyozidi kuona kwamba kuna watu ambao kazi yao ni kuhakikisha haijulikani. Vitabu hivyo vyote viwili ni vya Kiingereza. Sisi tunaoandika Kiswahili hatuna sababu ya kubaki nyuma. Lugha ya stesheni, ya mama mboga na ya karani wa dirishani ni hii tunayotumia mimi na wewe.

Mwaka wa 2019 nilimpeleka mamangu kwenye kituo ambako kifo cha mjomba kiliandikishwa. Namba ya OB anayo, ameiandika nyuma ya picha ya mjomba ya harusi. Karao aliyekuwa zamu alikuwa kijana wa rika langu, mpole, hata alimtafutia kiti.

"Hizo vitabu za nineties zilipelekwa store, mathe."

"Store iko wapi?"

"Hapo ndiyo sijui."

Nilimwamini. Hakujua kweli. Mfumo mzima umepangwa hivyo, anayekaa dirishani hajui, na anayejua hana dirisha. Tulipotoka nje mamangu aliikunja picha kwenye leso akasema tupitie sokoni, na sikumsikia akizungumzia safari ile tena hadi siku aliyoniuliza kuhusu shamba.

Kwa hivyo nimeuchana ule muswada. Inspekta wangu sasa anajua muuaji ni nani kufikia sura ya nne. Anaambiwa na mama mboga, kama inavyofaa. Kurasa zinazobaki anafuata faili: nani alilitoa kabatini, kwa barua ya nani, mwaka gani, nani alipandishwa cheo mwezi uliofuata. Anakaa kwenye foleni. Anasoma viambatisho vya ripoti usiku. Anajifunza kutambua mwandiko. Mhariri mmoja aliyesoma sura za kwanza aliniambia itachosha watu. Inawezekana. Lakini mimi sijawahi kuona Mkenya aliyechoka kusikiliza habari za ardhi.

Na wewe unayesoma, huna haja ya kuandika riwaya. Ukienda ushago Krismasi hii, uliza. Karibu kila nyumba ina jina linalotajwa kwa sauti ya chini, na ina mtu mmoja aliyehifadhi karatasi. Uliza sentensi ya kwanza ilikuwa gani. Uliza ni kitu gani kilichokosekana kwenye mkoba wa marehemu. Andika, weka tarehe, piga picha ya karatasi hiyo kabla mchwa hajaifikia.

Mamangu anasoma toleo jipya polepole. Juzi alinipigia simu usiku, amefika sura ya tisa.

"Huyu karani mwenye koti la kijivu, wa kusema njoo kesho. Ulimtoa wapi?"

"Nimemtunga tu, Mum."

"Hapana," akasema. "Huyo namjua. Nilimpata dirishani 1999."